Jinsi ya kufuatilia chimbuko la sheria ya kijeshi: kutoka Ibara ya 32 hadi boma la Tabora

Wengi wanaoanza kuchunguza jambo hili huanzia pabaya. Wanatafuta sheria yenye jina "sheria ya kijeshi", wanaikosa, kisha wanasema haikuwahi kuwepo au imefichwa. Hapa kwetu mamlaka ya kutawala watu kwa amri za dharura yamepita mikono minne ndani ya karne moja: Mjerumani, Mbelgiji, Mwingereza, kisha Serikali yetu wenyewe. Kila mmoja aliyaita jina lake. Kisichobadilika ni mstari mmoja ulio juu ya amri: ule unaotaja mamlaka anayotumia aliyeitoa. Kazi yako ni kuusoma mstari huo, kumtafuta mama wa amri, yaani sheria iliyoizaa, halafu mama wa mama, mpaka ufike mahali ambapo hakuna karatasi nyingine juu yake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa anayeanzia Kigoma au Tabora, na kuna sababu. Mikoa hii miwili, iliyo kwenye reli moja, iliwahi kuwa chini ya tawala mbili tofauti kwa wakati mmoja. Asiyejua hilo huisoma nusu ya hati zake vibaya.

Tenga kwanza vitu vinavyochanganywa

Hati ikikufikia mkononi, usianze na mwaka. Anza kwa kuuliza ni ya aina gani kati ya hizi nne.

Kuna sheria ya nidhamu ya jeshi, ambayo leo ni Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966, Sura ya 192. Hii inamfunga mwanajeshi. Uasi wa Januari 1964 ulianza kambi ya Colito, Dar es Salaam, tarehe 20, na kesho yake ukashika kikosi cha Tabora. Waasi walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na bado huo haukuwa utawala wa kijeshi. Mahakama ya kijeshi ikimhukumu askari, hakuna cha ajabu. Ikimhukumu muuza dagaa wa Ujiji, hapo ndipo uanze kuuliza maswali.

Kuna ukaliaji wa nchi ya adui. Jeshi likiteka eneo vitani, mamlaka yake hayatoki kwenye sheria ya wenyeji wala kwa mkoloni aliyeondoka. Yanatoka kwenye sheria za vita. Hati kuu ni Kanuni za Hague za 1907: kifungu cha 42 kinasema eneo limekaliwa pale tu linapokuwa kweli chini ya jeshi la adui, na cha 43 kinamtaka mkaliaji aheshimu sheria alizozikuta, isipokuwa pale anapozuiwa kabisa.

Ya tatu ni sheria ya kijeshi yenyewe, ya Kiingereza. Hii haina sheria mama iliyoandikwa. Inasimama juu ya ulazima: kuna uasi, mahakama haziwezi kufanya kazi, jeshi linashika usukani hadi hali itulie.

Ya nne ni hali ya hatari, ambayo ina sheria, ina tangazo, ina kanuni zenye namba. Hii ndiyo iliyo kwenye Ibara ya 32 ya Katiba ya 1977, na ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi.

Soma kichwa cha hati kabla ya mwili

Chukua daftari, kila hati ipe ukurasa wake. Andika mambo sita: namba ya tangazo, tarehe ya kusainiwa, tarehe ya kuchapishwa katika Gazeti la Serikali, eneo linalohusika, nani amesaini na kwa cheo gani, na mamlaka yaliyotajwa. Tarehe hizo mbili ziandike kando kando, maana mara nyingi hazilingani, na kanuni inaweza kuwa imesainiwa leo ikaanza kazi siku nyingine. Eneo nalo linakili neno kwa neno. Utaona muda si mrefu kwa nini.

Mamlaka yaliyotajwa ndiyo ngazi ya kwanza kupanda. Tuipande ngazi moja yote kama mfano.

Anza na Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hatari, Sura ya 221. Namba ya "Sura" inatokana na toleo lililorekebishwa, haikuambii sheria ilizaliwa lini. Tazama chini ya jina: ni Sheria Na. 1 ya 1986. Usiishie hapo. Nenda mwishoni mwa sheria, kwenye vifungu ambavyo watu huviruka kwa kuwa vinachosha, vile vya kufuta na vya mpito. Hapo ndipo sheria inapotaja ilichokirithi: Amri za Baraza la Mfalme wa Uingereza kuhusu mamlaka ya dharura za 1939 hadi 1961. Maana yake ni kwamba kwa miaka 24 na ushei baada ya Desemba 9, 1961, chombo cha dharura kilichokuwa kwenye vitabu vyetu kilikuwa kimetungwa London.

Kiliwezaje kuvuka uhuru? Kwa kifungu cha "sheria zilizopo". Katiba ya uhuru ya 1961, kisha sheria za mpito za Jamhuri za 1962, ziliacha sheria za zamani ziendelee, huku majina ya vyeo yakisomwa upya: palipoandikwa Gavana, asomwe mrithi wake. Wachunguzi wengi huteleza hapa. Wanaona neno "Gavana" kwenye maandishi na kuamua sheria ilikufa 1961. Neno la zamani ndani ya sheria si cheti cha kifo.

Panda tena. Amri ya 1939 ilitolewa Machi mwaka huo, miezi michache kabla ya vita, kwa makoloni na nchi nyingi kwa pamoja. Utaratibu wake ni rahisi kuukumbuka: Gavana anatoa tangazo, tangazo linaamsha madaraka yaliyolala, na kwa madaraka hayo anatunga kanuni za usalama, ulinzi, kuzima uasi na kuhakikisha mahitaji muhimu yanapatikana. Kwa hiyo ukiona kanuni, lazima kuwe na tangazo lililotangulia. Usipolipata, ama umekosa toleo la Gazeti, ama kanuni ina mama mwingine.

Juu ya Amri hiyo, kwa upande wetu, kuna Sheria ya Mamlaka ya Nchi za Nje ya 1890, iliyotungwa na Bunge la Uingereza. Kwa nini "nchi za nje", wakati bendera ya Mwingereza ilikuwa inapepea bomani? Kwa sababu Tanganyika haikuwa koloni kisheria. Ilikuwa nchi ya udhamini: chini ya Shirikisho la Mataifa kuanzia 1922, na chini ya Umoja wa Mataifa kuanzia 1946. Kenya Bara ilifanywa koloni 1920, ila ukanda wa Pwani yake ukabaki himaya. Ukichukua kitabu cha historia ya kisheria ya Kenya ukakinakili kwa Tanganyika, utapata mama asiye wake.

Kalenda ya reli: 1916 hadi 1921

Sehemu hii ndiyo inayowasumbua wengi, na ndiyo yenye utamu.

Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Vita vilipozidi, Tabora ikawa makao ya serikali ya Gavana wa Kijerumani, Schnee, na karakana ya reli ikafua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye mwaka 1916. Mwishoni mwa Julai 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likaingia Kigoma, na Septemba 19 likaingia Tabora. Kuanzia hapo fuata kalenda hii unapoitambua hati.

Hati ya Tabora ya Desemba 1916 ni ya mkaliaji Mbelgiji. Hati ya Tabora ya Desemba 1917 ni ya mkaliaji Mwingereza, kwa sababu Wabelgiji waliwakabidhi Waingereza Tabora mapema mwaka huo. Lakini hati ya Kigoma ya Desemba 1917 bado ni ya Mbelgiji, kwani Kamishna wa Mfalme, Jenerali Malfeyt, aliweka makao yake Kigoma, na mji haukukabidhiwa hadi Machi 1921. Mtu aliyepanda gari moshi Kigoma asubuhi na kushuka Tabora alikuwa amevuka mpaka wa kisheria bila kuvuka mpaka wa nchi.

Mambo matatu yafuate hapo.

Lugha ya hati na muhuri wake vitakuonyesha mkaliaji, lakini visikudanganye. Hata baada ya 1921 Wabelgiji walibaki na eneo lao la bandari Kigoma kwa mkataba wa Machi 15, 1921, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Karatasi ya Kifaransa kutoka Kigoma ya 1930 huenda ni ya shughuli za bandari, si ya utawala.

Pili, amri za Wabelgiji za wakati huo zitafute chini ya neno *ordonnance-loi*, yaani amri yenye nguvu ya sheria. Iliyo muhimu ni Na. 2/5 ya Aprili 6, 1917, iliyoweka mpangilio wa utawala katika maeneo yaliyokaliwa na kuwaacha masultani na madaraka yao chini ya usimamizi wa Wabelgiji. Wanaoijua ni watafiti wa Rwanda na Burundi, kwa hiyo huwa inaorodheshwa chini ya nchi hizo, na mtu wa Kigoma akitafuta "Kigoma" peke yake ataikosa.

Tatu, Amri ya Baraza la Mfalme ya Tanganyika ina tarehe Julai 22, 1920. Tarehe hiyo bado inaishi: Sura ya 358, sheria inayotaja sheria zipi zitumike mahakamani, kifungu cha 2(3), inaelekeza mahakama zetu kwenye sheria za Uingereza kama zilivyokuwa siku hiyo. Kwa karatasi, Kigoma iliingia ndani ya Tanganyika kwa tarehe hiyo. Kwa vitendo, aliyekuwa akitoa amri ufukweni alikuwa bado Mbelgiji kwa miezi minane zaidi. Ukikuta hukumu au faini ya Kigoma ya kipindi hicho, andika tarehe zote mbili pembeni na usilazimishe jibu moja.

Ukifika kwa Mjerumani

Mstari wa mamlaka wa Kijerumani ni mfupi kuliko wa Kiingereza. Sheria ya nchi za himaya ya 1886, iliyoandikwa upya 1900, ilimpa Kaisari mamlaka yote ya himaya kwa niaba ya Dola. Chini yake kuna Kansela, chini ya Kansela kuna Gavana, na chini ya Gavana kuna mkuu wa boma. Mwafrika aliondolewa kwenye mahakama walizotumia Wazungu. Aliangukia kwenye amri ya Kansela ya Aprili 22, 1896, iliyomfanya mkuu wa boma kuwa mtawala na hakimu kwa pamoja, huku hukumu ya kifo ikihitaji kuthibitishwa na Gavana.

Hapa uelewe jambo moja: pale ambapo siku za kawaida mtawala mmoja anakamata, anahukumu na anachapa viboko, tofauti kati ya siku za kawaida na hali ya kijeshi inakuwa nyembamba mno. Usishangae kukosa tangazo. Wakati mwingine hawakulihitaji.

Maneno ya kutafuta ni *Kriegszustand* (hali ya vita), *Belagerungszustand* (hali ya kuzingirwa) na *Standrecht* (hukumu za kijeshi za papo hapo). Mzizi wa nyumbani kwao ni sheria ya Prussia ya Juni 4, 1851 kuhusu hali ya kuzingirwa, pamoja na Ibara ya 68 ya Katiba ya Ujerumani ya 1871. Maandishi yaliyochapwa ni ya Kigothi: herufi ndefu ya *s* inafanana na *f*, kwa hiyo programu ya kusoma picha hukupa takataka, na neno lako la kutafuta halitokei ingawa limo ukurasani. Jaribu kutafuta kwa kubadilisha *s* na *f* kabla ya kusema halipo. Barua za mkono ni ngumu zaidi. Afadhali uanze na barua za Kiswahili za maliwali na maakida, kwani Mjerumani alitumia Kiswahili katika utawala, nyingine zikiwa kwa herufi za Kiarabu. Mzee wa chuo cha Kurani Ujiji anaweza kukusomea kwa dakika kumi ukurasa ambao ungekupotezea wiki.

Anayekaa Kigoma ana kumbukumbu ya chuma ya enzi hizo mbele ya macho yake. Meli ya Liemba ilishushwa majini hapa Februari 1915 ikiitwa Goetzen, jina la Gavana aliyekuwa madarakani Maji Maji ilipolipuka 1905. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, siku chache kabla ya Wabelgiji kufika.

Mzizi wa Kiingereza, na alama ya kuutambua

Uingereza yenyewe ilikataa sheria ya kijeshi kwa raia wakati wa amani katika Ombi la Haki la 1628. Makoloni yalionja mambo tofauti. Kesi ya kuijua ni ya Jamaika, 1865. Baada ya ghasia za Morant Bay, Gavana Eyre alitangaza sheria ya kijeshi Oktoba 13 katika eneo la mashariki, akiuacha mji wa Kingston nje. George William Gordon, mjumbe wa baraza la kutunga sheria, alikuwa Kingston. Wakamkamata huko, wakampakia melini, wakampeleka ndani ya eneo la tangazo, wakamhukumu kijeshi na kumnyonga Oktoba 23. Sasa unaona kwa nini ulinakili eneo neno kwa neno. Swali la kwanza si "alifanya nini" bali "alikuwa wapi tangazo liliposomwa, na alifikaje alikohukumiwa".

Alama ya pili ni sheria ya kinga. Kwa kuwa sheria ya kijeshi ya Kiingereza haina mama, askari na maofisa wanabaki wazi kushtakiwa hali ikitulia. Kwa hiyo baraza la koloni hupitisha haraka sheria ya kuwakinga. Eyre aliokolewa na sheria ya namna hiyo katika kesi ya madai iliyoamuliwa 1870. Ukishuku kwamba mahali fulani palikuwa na sheria ya kijeshi ya kweli, angalia sheria zilizopitishwa miaka miwili mitatu baada ya ghasia. Ukiikuta ya kinga, umepata ushahidi mzito kuliko tangazo lenyewe.

Kufikia karne ya 20 London ilipendelea njia yenye karatasi. Ndiyo maana Gavana Baring alipotangaza dharura Kenya Oktoba 20, 1952, hakutangaza sheria ya kijeshi. Alitumia Amri ya 1939, ile ile iliyokuwa ikitumika Tanganyika. Waliodaiwa kuwa Mau Mau hawakuhukumiwa na maofisa wa jeshi bali na majaji, katika mahakama maalumu zilizoundwa 1953, na zaidi ya watu 1,000 wakanyongwa kabla dharura haijafutwa Januari 1960. Kuwa na karatasi kamili hakukuifanya kamba iwe laini.

Kuipima hali ya hatari ya leo

Katika Ibara ya 32 kagua mambo haya kwa mpangilio. Sababu: lazima iangukie kwenye orodha ya ibara ndogo ya (2), yaani vita, hatari ya kuvamiwa, kuvunjika kwa amani au hatari ya wazi ya kuvunjika, maafa, au hatari nyingine inayotishia nchi. Bunge: nakala ya tangazo inapelekwa kwa Spika, na Bunge linaitishwa ndani ya siku 14. Kura: theluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliohudhuria. Bunge likiwa na wabunge 390, zinahitajika kura 260, hata kama ukumbini wameketi 300. Azimio lisipopita ndani ya siku 14, tangazo linakufa lenyewe. Likipita, uhai wake ni miezi sita, na kuuongeza kunahitaji tena theluthi mbili.

Kuna hatua tatu zinazofanana na hali ya hatari bila kuwa hivyo, na huku mikoani ndizo zinazogusa watu. Mkuu wa Mkoa au wa Wilaya kumweka mtu ndani kwa hadi saa 48 kunatoka kwenye Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, Sura ya 97, vifungu vya 7 na 15, ambayo nayo imerithi sheria za 1962. Kizuizini kwa amri ya Rais kunatoka kwenye Sheria Na. 60 ya 1962, sasa Sura ya 361, na hakuhitaji tangazo lolote. Kumhamisha mtu kwa nguvu kutoka wilaya moja hadi nyingine kulitokana na odinansi ya 1921, ambayo Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alitamka 1988 kwamba inakinzana na Katiba. Tume ya Nyalali, tume ya Rais iliyochunguza suala la vyama vingi, iliitaja odinansi hiyo, sheria ya kizuizini na ile ya dharura ya 1986 miongoni mwa sheria 40 kandamizi.

Na polisi wakitawanya mkusanyiko kwa ilani, usikimbilie Ibara ya 32. Soma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 74.

Pa kuzipata hati, na mpangilio wa safari

Kabla ya kukata tiketi ya treni ya kilomita zipatazo 1,250 kwenda Dar es Salaam, maliza kinachopatikana bure. Sheria na hukumu nyingi zimo kwenye tovuti ya TanzLII. Kila unaponakili kifungu andika na toleo: toleo la 2002 na lile la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, yanaweza kutofautiana namba za vifungu. Masijala za Mahakama Kuu za Tabora na Kigoma zinafaa kwa kesi. Za kikoloni usizitegemee huko.

Dar es Salaam, hazina ni Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako majalada ya Kijerumani yana herufi G mbele ya namba. Beba barua ya utambulisho. Mawasiliano ya Gavana na London yako Kew, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, mfululizo wa CO 691, na ya wizara ya makoloni ya Ujerumani yako Berlin, mfululizo wa R 1001, mengi yakiwa yameshapigwa picha na kuwekwa mtandaoni.

Ukilipata jalada, piga picha ya jalada lenyewe kwanza, kisha kila ukurasa mbele na nyuma, hata ulio mtupu. Mara nyingi mwandiko mdogo wa penseli nyuma ya tangazo ndio unaosema lilibandikwa lini, na lilibandikwa wapi.